Kalamu ya Atoo Inyamaze

Padri amekwisha kunipaka mafuta, na nyote mmeona kwamba hakuharakisha sala kama anavyofanya kwa mgonjwa atakayeamka kesho. Kwa hiyo sogezeni viti, wanangu. Okwera, mwanangu, zima hiyo redio. Augustin, mkwe wangu, kaa huku kwenye sikio langu lililo zima, kwa sababu maneno mengi ni yako. Darlène naye abaki. Msimtoe nje, jambo lenyewe ni la mama yake. Nitasema polepole, na nikinyamaza msidhani nimemaliza.

Nianze na vitu, maana ndivyo vyepesi. Nyumba hii ni ya Okwera na Darlène pamoja, na mmoja asiuze bila mwenzake. Shamba la Kitgum libaki la ukoo, kwa kuwa makaburi yetu yako humo. Ndani ya kabati kuna simu mpya ambayo kampuni iliniazima niijaribu kabla sijaugua. Irudishwe pamoja na chaja na boksi lake. Katika kazi yetu simu ya kujaribiwa hurudishwa. Wako wenzangu waliojaza droo zao kwa simu za kuazimwa, halafu wakaandika sifa tupu, nami nikawasema hadharani, na mmoja wao hatukusalimiana naye mpaka alipozikwa. Nimemsamehe. Na yeye aniombee huko aliko.

Darlène, wewe hujui babu yako aliingiaje katika uandishi. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Baba yangu alikuwa mtu wa mawasiliano, anabeba redio mgongoni na kuita kwa Kiswahili hiki hiki, na jioni alinionyesha jinsi waya mmoja uliolegea unavyoweza kunyamazisha kikosi kizima. Alipokufa vitani nikaacha shule, nikashuka Kampala kutengeneza redio katika soko la Nakawa. Siku moja mhariri wa gazeti akaniletea redio kaseti yake iliyokufa, akauliza kwa nini betri mpya zinavuja siku hizi. Nikamweleza. Akasema, "Andika hivyo hivyo ulivyosema, usitie chumvi." Sikuwa na kalamu, akaniachia yake.

Sisi waandishi wa teknolojia wa umri wangu hatukusomea kazi hii, maana haikuwa na darasa. Mmoja wetu alikuwa karani wa telegramu posta, mwingine mwalimu wa hesabu, mwingine mkimbizi kutoka Bukavu aliyekuwa akipiga taipu barua za watu kando ya barabara. Tuliandika habari za simu za mkononi zilipokuja nzito kama tofali, tukaandika habari za intaneti watu walipokuwa wakipanga foleni kusoma barua pepe moja, tukaandika fedha zilipoanza kupita kwenye simu na watu kuibiwa humo humo. Ninyi mlitucheka kwamba tunaandika juu ya mashine. Mashine hailii, wanangu. Tuliandika juu ya mtu aliyeishika.

Binti yangu Atoo alisomea chuo kikuu, akanizidi, na nilifurahi kuzidiwa naye. Lakini kanuni aliichukua kwangu: mkono kwanza, kalamu baadaye. Hakusifu simu aliyopewa jana. Aliipeleka Kawempe kwa Nuriat, yule mama anayekaanga chapati, ikakaa naye wiki nyingi katikati ya unga na mafuta na umeme unaokatika, na Nuriat akiilaani ndipo Atoo alipoanza kuandika. Kwa sababu hiyo watu walimwamini. Akisema nunua, walinunua.

Kisha Kwaresima ya mwaka jana ule uvimbe wa kichwani ukamlaza, na kabla ya Pasaka tukamzika Kitgum. Nimemzika mama yake, nimewazika ndugu zangu, lakini kumzika mtoto uliyemfundisha kazi, hapo nilimwomba Mungu anieleze, na mpaka leo sijajibiwa. Simlaumu. Nangoja.

Hatujakauka machozi, wenye tovuti yake wakaja. Walikuwa wapole, walileta sukari na shada la maua. Wakamwambia Augustin kwamba wana kompyuta iliyosoma makala zake zote, inaweza kuandika kama yeye, na safu yake ya Ijumaa itaendelea kwa heshima yake, jina lake lisipotee. Augustin akakubali. Mwanangu, usiinamishe kichwa. Ulikuwa umefiwa, na hao walikuwa na maneno mazuri. Hata mimi Ijumaa ya kwanza nilivaa miwani nikasoma, na yale maneno yake ya utani yalikuwemo, nikacheka peke yangu kitandani, nikalala vizuri.

Halafu akaja Nuriat. Okwera, ulikuwepo. Aliingia uani mkono umefungwa kitambaa, anapiga kelele, "Niitieni Atoo! Leo atanijibu!" Nikatoka na fimbo yangu nikamwambia, Atoo amefariki. Akacheka. Alicheka kabisa. "Mzee, ssebo, wacha mchezo. Ijumaa ameandika! Amesema simu hii aliipeleka Kawempe kwa mama wa chapati, mama akaipenda. Mama gani? Si ni mimi? Kumbe kuna mwingine? Nikasema, sawa, amenionea aibu kuniletea, nikaenda nikainunua mwenyewe. Tazama!" Akafungua kitambaa. Betri ilikuwa imevimba ikapasuka mkononi mwake, ngozi imetoka. "Mwambie atoke ndani. Simchapi, namuuliza tu."

Nikamwonyesha picha ya kaburi. Aliitazama, akanitazama, akaketi chini pale pale uani, akapiga yowe la msiba, kubwa, mwaka mmoja baada ya maziko, majirani wakatoka wakidhani ni mimi nimekufa. Mwanamke yule alikuwa akimsoma kila Ijumaa na kujiuliza kwa nini Atoo hamtembelei tena. Alidhani amemkosea.

Sasa tazameni lililotupata. Nilituma ujumbe Kitgum kwamba tufanye guru lyel, ile sherehe ya kufunga matanga, tumkabidhi Atoo kwa Mungu na kwa waliomtangulia. Wazee wakanijibu, "Obwona, vijana hapa wanamsoma kila wiki. Tutafungaje matanga ya mtu anayeendelea kusema? Mnyamazisheni kwanza." Nilikasirika, nikasema hawajui kompyuta. Nimelala na jibu lao tangu hapo, na nimeona kwamba wamesema kweli. Mtu wetu yuko kaburini na yuko sokoni anauza simu. Mimi nitakufa, na haki ya kusimamisha jambo hili haiko kwangu. Ni ya mumewe. Augustin, iko kwako.

Najua kwa nini unasita. Wale watu wamesema safu ikifungwa watafuta kila kitu alichowahi kuandika kwao. Waache wafute. Makala zake za kweli zilitoka magazetini pia, Okwera amezikata zote na kuzibandika. Najua pia kwamba Darlène...

Nini, mjukuu wangu? Sema kwa sauti.

"Babu, mama akinyamaza, nitasoma nini siku ya Ijumaa?"

Sogea. Nipe mkono. Utasoma alizoandika yeye, mama. Ni nyingi. Utafika ya mwisho, na hapo utalia sana, na baba yako atakushika. Usikubali mtu akuongezee nyingine baada ya hiyo.

Augustin, chukua simu. Waandikie sasa, wakati bado nasikia. Usieleze sana. Andika kwamba umeondoa idhini, kuanzia leo. Andika na jina langu hapo hapo, maana nao wameulizia sauti yangu, zile rekodi za vipindi nilivyokuwa nikisema redioni. Hawapewi. Nikinyamaza, nimenyamaza.

Pole pole.

Okwera, msomee kabla hajatuma. Ndiyo. Ndiyo, hivyo hivyo. Tuma.

Imekwenda?

Mungu akulipe, mwanangu. Maji kidogo. Inatosha.

Okwera, mwambie Nuriat akae pamoja na wafiwa siku ya guru lyel, asikae na wageni. Mimi mnizike kando ya Atoo, msinunue jeneza la fahari. Bwana awalinde mkiondoka na mkirudi. Awape mkate, awape usingizi. Awape... Awape kupendana.

Nimechoka. Lakini kuna sala moja. Katika nyumba hii bado hatujaitamka, hata mmoja wetu. Sote tumekuwa tukilikwepa neno lake. Tuitamke pamoja, mimi nianze, ninyi mfuate. Marehemu Atoo... Raha ya milele umpe, ee Bwana.

Darlène, nawe. Sema, mama. Marehemu...