Aliyewaogopea Abiria: Kumuaga Ouyang Suzhen

Tarehe 30 Juni, zamu ya asubuhi itakapokwisha, Bi Ouyang Suzhen atavua skafu ya bluu ya huduma kwa abiria na kuirudisha stoo. Atakuwa ameutumikia uwanja wetu wa ndege kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wetu wa zamu, Bwana Kang, ameniomba niandike maneno machache ya kuchangamsha kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Nimejitahidi. Lakini mtu akiniambia nimweleze Dada Suzhen, la kwanza linalonijia si uchangamfu. Ni hofu, na jinsi alivyoweza kufanya kazi huku anaogopa.

Alianza mwaka 1994, enzi za jengo moja la abiria lenye feni za darini na benchi za mbao. Kazi yake ilikuwa kufunga vitambulisho kwenye mizigo. Siku hizo msafiri akipotea, ujue yuko msalani. Kisha likajengwa jengo jipya, na treni ya chini kwa chini ya kuunganisha kumbi zake, na siku ya kwanza kabisa Dada Suzhen akatoka kwenda kula chakula cha mchana asirudi. Wenzake walimkuta ngazi za dharura, bakuli la wali limepoa mapajani, machozi yanamtoka. Walimcheka miaka. Yeye alicheka nao, ila kila mfanyakazi mpya aliyepita mikononi mwake alisikia maneno haya: "Usimcheke aliyepotea. Humu kila kitu kinang'aa, ukumbi huu ni pacha wa ule, na mishale inakusukuma mbele tu hata kama ulishapita unakokwenda."

Vituko alivikusanya vingi. Yupo yule mzee aliyezunguka na treni yetu asubuhi nzima akidhani inampeleka mjini. Dada Suzhen alipomfikia, mzee alikuwa amekwisha kula nusu ya bata wa kukausha aliyekuwa zawadi ya shemeji yake, na kwa adabu akamkaribisha paja. Wapo mamia walioondoka hapa na namba ya lango imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kiganja, maana Dada Suzhen aliamini karatasi hudondoka, mkono haudondoki. Na ni yeye aliyewatuliza maharusi wawili waliogombana mbele ya ukaguzi wa usalama, kila mmoja akiwa ameshika pasipoti ya mwenzake.

Wasichokijua wengi ni kwamba usiku wa kuamkia misimu ya sikukuu alikuwa halali vizuri. Mwaka Mpya ukikaribia, tukikaa kantini, alikuwa anasukumasukuma tambi tu kwenye bakuli. Aliogopa umati. Aliogopa milango ya treni ile. "Peiwen," aliniambia mara nyingi, "watu elfu wakitembea pamoja, mmoja akianguka hakuna anayeona." Nilikuwa namwambia anakuza mambo. Mimi nakaa chumba cha matangazo, nyuma ya kioo. Watu kwangu ni majina tu ya kuita.

Kisha ikaja ile alasiri ya mwezi wa nne, miaka saba iliyopita.

Radi ilikuwa imefunga anga. Ndege haziruki, haziteremki, na abiria wanaendelea kumiminika kutoka mjini. Kumbi zilijaa hadi watu wakakaa juu ya masanduku yao, harufu ya tambi za kuloweka imetanda kila mahali, watoto wanalia, wanaume wanapiga kaunta kwa ngumi. Dada Suzhen alikuwa anashuka kwenye jukwaa la treni alipomwona bibi mmoja mfupi, koti jeusi, akipiga milango ya kioo kwa viganja viwili. Treni ilikuwa imeshaondoka. Bibi alikuwa anapiga kelele kwa lugha ambayo hakuna mtu pale aliyeielewa.

"Huyu ana wazimu," kijana mmoja mwenye begi la mgongoni alilalamika. "Mwondoeni, tunachelewa."

"Sogea wewe," Dada Suzhen alimjibu, "kabla sijakuonyesha wazimu."

Akamshika bibi mikono. Ilikuwa baridi kama barafu. Bibi akaweka kiganja usawa wa nyonga yake, hivi, kama anayepima kimo cha kitu, kisha akanyoosha kidole kwenye handaki la treni. Akapima tena. Akanyoosha tena. Kifuani alikuwa amening'iniza mfuko wa kitambaa, na ndani yake mlikuwa na pasipoti mbili na tiketi mbili za Italia. Pasipoti ya pili ilikuwa ya mtoto wa kike, miaka minne.

Dada Suzhen alinisimulia kwamba hapo ndipo alipoelewa. Umati ulikuwa umewatenganisha mlangoni: mtoto kasukumwa ndani, bibi kasukumwa nje, milango ikafunga. Akapiga simu ya upepo kituo kinachofuata. Jibu likaja: treni imeshamwaga watu, imeshajaza wengine, mtoto hawajamwona.

Alimleta bibi chumba cha uangalizi, kinachopakana na changu, mlango wa kati ukiwa wazi. Bwana Kang alikuwepo, na Shu wa ulinzi mbele ya skrini za kamera. Nilianza kuita. Nilimwita mtoto kwa jina la kwenye pasipoti, Ji Ruoning, kwa Kichina sanifu, kisha kwa Kiingereza. Niliita, nikasubiri, nikaita tena. Shu alikuwa anarudisha picha nyuma, na mara akaisimamisha ghafla, nikageuka.

Kwenye skrini alikuwepo mtoto mwenye kofia ya manjano. Mwanamke mwenye koti la kijani alikuwa amemshika mkono. Wanatembea haraka, mtoto anakimbiakimbia ili amfikie.

"Unamjua?" Shu aliuliza kwa ishara. Bibi akatikisa kichwa.

Shu akapeleka picha mbele. Mwanamke yule alitokea tena, kwenye ukumbi mwingine, anaangaza huku na huku, mwendo wa kukimbia. Alikuwa peke yake.

Kila mzazi wa nchi hii anajua kilichokuwa kichwani mwetu: wezi wa watoto. Bwana Kang akachukua simu kuamuru milango ya kutokea ifungwe, na mkono wake ulikosea namba mara mbili. Bibi, aliyekuwa ameiona picha kama sisi tulivyoiona, aliteleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni.

Dada Suzhen alipiga magoti mbele yake. Alichomoa simu kutoka mfuko ule wa kitambaa, akamwekea mkononi, akamwonyesha: piga. Bibi akabonyeza picha ya mwanamke kijana aliyevaa aproni. Ni binti yake, mama wa mtoto, mshonaji katika kiwanda kimoja huko Italia. Alipokea akiwa anacheka. Kisha akasikia sauti ya mama yake, na tukamwona kwenye kioo cha simu akishika ukuta.

"Dada, nisikilize," Suzhen alimwambia kwa Kichina. "Mimi ni mfanyakazi wa hapa. Mtoto amepotea ndani ya jengo. Tunamwita kwenye vipaza sauti, hajibu. Anaelewa Kichina?"

"Haelewi! Anajua lugha ya kwetu tu, amelelewa na mama yangu. Mnamwitaje?"

"Ji Ruoning."

"Hilo jina halijui! Hilo ni la shule, na shule hajaanza. Nyumbani tunamwita Doudou. Jamani, mwiteni Doudou!"

Nilianza kuita Doudou. Mama yule akapiga kelele kutoka kwenye simu: "Hapana, hapana, ataogopa, sauti haijui! Mtoto wangu mwoga. Akiogopa anajificha, hata pumzi anabana."

"Basi mwite wewe," Suzhen alisema. "Nakuwekea kipaza sauti hapa kwenye simu."

Mama akasema polepole, na mpaka leo sijui aliwezaje kusema: "Mimi nilimwacha ana miezi minane. Sauti yangu haijui. Mwacheni mama yangu aite."

Suzhen alimwinua bibi na kumleta mlangoni kwangu. Bwana Kang akasimama katikati.

"Dada Suzhen, hairuhusiwi. Unaona watu walivyo huko nje? Wakisikia ajuza analia kwa lugha wasiyoijua, watadhani kuna moto. Wakianza kukimbia je?"

Hiyo ndiyo hofu ya Dada Suzhen ya miaka yote, na sasa ilirushwa mbele yake. Nilimwona akifumba macho. Aliogopa umati kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye chumba kile.

"Peiwen atawatuliza kwanza," alisema. "Nami nitakuwa nimemshika bibi. Mkuu, mtoto anabana pumzi mahali fulani. Nipishe. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kesho."

Bwana Kang alipisha. Naandika haya kwa ruhusa yake, na ameniambia niongeze kwamba alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye mkanda.

Niliwaambia abiria kwamba watasikia sauti ya bibi anayemtafuta mjukuu, wasiogope, wakae walipo na wanyamaze. Kisha nikampisha kiti. Dada Suzhen alimwekea mkono mgongoni. Bibi aliitazama ile maiki kana kwamba itamng'ata. Halafu akaita.

Sijui alisema nini zaidi ya Doudou. Baadaye binti yake alitutafsiria: "Doudou, bibi yuko hapa. Bibi hajakasirika. Piga kelele, Doudou wangu, piga kelele kama siku ile bata bukini alipokukimbiza." Kwenye skrini niliuona ukumbi mzima umesimama. Wale waliokuwa wanapiga kaunta walikuwa wameinua nyuso darini. Hakuna aliyekimbia. Bibi alinyamaza, akasikiliza, kana kwamba mjukuu ataweza kumjibu kupitia vile vile vipaza sauti. Hakuna kitu. Akaita tena, na safari hii sauti ilikatika katikati.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Bwana Tan, msafishaji wa ghorofa ya pili, anahema.

"Chumba cha kunyonyeshea, upande wa malango ya mbali! Kuna mtoto anapiga mayowe ndani, mlango umefungwa kwa komeo!"

Dada Suzhen hakusubiri bibi ajue. Alimshika mkono wakakimbia, ajuza na mwanamke wa makamo, na umati ukawafungulia njia bila kuombwa. Fundi alipoinua mlango kutoka bawabani, walimkuta Doudou chini ya meza ya kubadilishia nepi, kofia ya manjano mdomoni, ameing'ata. Taa ya mle huzimika yenyewe mtu akitulia bila kusogea. Alikuwa amekaa gizani, kalisukuma komeo mwenyewe na hajui kulirudisha. Bibi aliingia chini ya meza kwa magoti. Walikaa huko huko, na hakuna aliyewaharakisha.

Mwanamke wa koti la kijani alijileta mwenyewe kwenye kaunta, analia. Alikuwa mpishi wa shule kutoka wilayani, safari yake ya kwanza ya ndege. Alimkuta mtoto analia kwenye jukwaa la treni, akamweka kwenye kile chumba ili asikanyagwe wakati anatafuta askari, kisha akashindwa kukipata tena. Alikuwa amezunguka kumbi zote akifungua kila mlango. Shu alianza kumfokea. "Mwache," Suzhen alimkatiza. "Naye alipotea." Akamchemshia chai ya maua ya krisanthemamu.

Ndege ya Italia ilikuwa bado imezuiwa na radi. Dada Suzhen aliwapeleka bibi na mjukuu hadi mlango wa ndege, mmoja kila mkono, na hakuachia hata walipopita ukaguzi. Aliporudi nilimkuta msalani amekaa sakafuni, mgongo ukutani, meno yanagongana.

"Ungeogopa hivi pale," nilimwambia, "tusingempata."

"Niliogopa hivi hivi pale," alinijibu. "Ulitaka niogope vipi?"

Tangu siku ile, kwa sababu ya usumbufu wake, siku za msongamano kuna mtu anayesimama kwenye kila mlango wa treni, na kwenye kaunta kuna namba za simu za wafanyakazi wanaojua lugha za mikoani. Aliomba, akakataliwa, akaomba tena, hadi Bwana Kang akawa anamkwepa kantini. Uongozi ulimpa cheti cha mfanyakazi bora. Amekifunikia kopo la majani ya chai, kumbikumbi wasiingie.

Siku hizi anasema amechoka. Mumewe, fundi wa mabasi aliyestaafu, amekwisha kupaka rangi nyumba ya wazazi wake kijijini na kuchimba bustani ya mboga za kuchachusha. Huko hakuna vipaza sauti. Barabara ni moja, na inaishia mlangoni kwao.

Dada Suzhen, kwa niaba ya wote uliotufundisha na wote uliowashika mkono bila kukujua jina, asante. Umetuogopea vya kutosha. Kuanzia mwezi ujao tunakuombea hofu ndogondogo tu: mvua isije ikalowesha pilipili ulizoanika, supu isifurike wakati unaongea na jirani, wifi yako asikushinde tena kwenye mchezo wa mahjong. Na usiku, ulale.

Guan Peiwen
Chumba cha Matangazo