Mkono wa Mzee Godhana Komora, 1958–2025

Mzee Godhana Komora alizaliwa Hewani tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa Mzee Komora na Mama Lois. Alitoka tumboni amekunja vidole kama aliyeshika kalamu. Ndivyo mama yake alivyosimulia, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Shuleni alirudia darasa la saba. Walimu walisema ni hesabu. Mama Lois alisema hawakutaka kuuachia mkono ule, kwani vyeti vyote vya shule aliviandika yeye, kwa herufi zake za mikia na mapambo, hata vya wale waliompita.

Mwaka 1979 aliajiriwa Garsen kama karani wa ghala. Mlango wa ghala hakuujua. Wakubwa walimkalisha mezani aandike mialiko, na punde harusi, mahafali na mazishi ya tarafa nzima yakamwangukia. Alichotaka yeye ni kulima mpunga kwao. Mafuriko ya 1997 yalipoizingira nyumba, mtumbwi ulichukua kadi kwanza, kisha ukamrudia mwandishi.

Alimwoa Kahaso tarehe 8 Desemba 1984. Kabla ya hapo baba mkwe, Mzee Mwaringa, alimfungia chumbani kwa kufuli aandike kadi za harusi.

"Utaoa kadi zikiisha, mwanangu."

Kahaso akaja dirishani kwa kunyata. "Andika vibaya, we. Watakuachilia."

"Nimejaribu. Mkono unakataa."

Mwaka 2019 binti yao, Janet, alimhurumia, akaziingiza herufi za babake kwenye kompyuta ili kila mtu ajichapie. Mzee akabeba jembe, akaenda zake Hewani. Jembe halijaonja udongo, wateja hao wamemfuata hadi shambani na kadi zilizochapwa: "Mzee, mkia wa hii K yako umemfunika bwana harusi."

Februari 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Akatabasamu. "Hiyo sasa ni likizo." Mgeni wa kwanza kumjulia hali alikuja na kadi, akaulizia mkono wa kushoto.

Ombi lake la mwisho alimwachia mkewe: "Mkinizika, niandikeni kwa herufi za kawaida, kama za gazeti. Nisifanye kazi siku yangu." Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2025.

Kamati ya mazishi ilikataa. "Programu ya mazishi bila herufi za Godhana?" alisema mwenyekiti. "Watu watasema tumezika mtu wa hivihivi." Ndiyo maana haya yote mnayosoma yamechapwa kwa mwandiko wa marehemu, naye yuko kazini hadi sasa hivi. Mama Kahaso alibishana nao mpaka wakamwachia mstari mmoja wa herufi za kawaida.

Ameacha mjane wake Kahaso, binti yake Janet, wajukuu, na shamba la mpunga ambalo halijalimwa.

Mstari wa Mama Kahaso ndio huu:

GODHANA, WEKA KALAMU CHINI. PUMZIKA KWA AMANI.