Kopo la Mama Valerian

Marehemu Katarina Likwata, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Valerian, alizaliwa Newala tarehe 14 Mei 1962, binti wa mzee Tomaso Likwata. Alimaliza darasa la saba mwaka 1977. Alitamani uuguzi, nafasi haikupatikana, lakini hamu haikumtoka.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Nikodemu Chitanda, wakahamia hapa Pande kulima korosho na ufuta. Na hapa Pande nani hakulijua kopo lake? Akiandikiwa dozi, alimeza mpaka apate nafuu, zilizobaki akaziweka kwenye kopo la maziwa. Ukijikata jembe, alikifungua kidonge cha rangi mbili na kukunyunyizia unga wake kidondani. Hakumtoza mtu hata senti. "Dawa ikibaki ni ya jirani," alisema, nasi tukamsifu. Kutoa ni moyo.

Tarehe 3 Februari 2025 aliteleza kisimani akavunjika paja, akafanyiwa upasuaji hospitalini. Mfupa ulianza kuunga, kidonda kikatunga usaha. Daktari alimweleza Stella, bintiye aliyemuuguza, kwamba mama ameambukizwa humo humo wodini, na vijidudu hivyo vimeshazoea dawa. Sindano ikabadilishwa, ikabadilishwa tena. Homa ikagoma kushuka.

Siku moja jirani yake, Bi Kidawa, alifika wodini kumjulia hali. Akafungua pindo la kanga: vidonge vya rangi mbili.

"Mama Valerian, uliniponya. Leo zamu yangu."

Marehemu alivitazama, machozi yakamtoka.

"Mungu akulipe, mwenzangu. Lakini vijidudu hivi tumevilea wenyewe. Mimi kwa kopo langu, wewe kwa pindo lako, na hawa wa hapa kwa mikono isiyooshwa." Akamgeukia bintiye. "Stella, lile kopo asilirithi mtu."

Alifariki tarehe 29 Machi, saa nne asubuhi. Inatuuma sana, maana mguu uliompeleka hospitali ulikuwa unapona.

Ameacha mume, watoto watatu, Valerian, Stella na Optatus, pamoja na wajukuu saba. Kanga na jembe lake vitagawiwa siku ya arobaini. Kopo liko pale mlangoni, kando ya kapu la rambirambi. Mwenye dawa iliyobaki nyumbani airudishe humo. Stella atazipeleka zahanati. Bi Kidawa amekwisha kutia vyake.

Mama Valerian, kazi ya kugawa dawa imekwisha. Mungu akupumzishe kwa amani.