Nywele za Upindoni

Tangu Jumatatu asubuhi mkasi hausikiki. Wateja wake wanaujua ule mlio: kabla ya kugusa kichwa cha mtu, marehemu aliuchezesha hewani kwanza, kama anayebisha hodi. Binti yake alikulia ndani ya mlio huo, na wiki hii amekuwa akishtuka kwa kutousikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948, mtoto wa tatu wa seremala na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba, akafundishwa kunyoa na mjomba wake, na mwaka 1969 akafungua kibanda chake karibu na stendi. Mwaka 1971 alifunga ndoa na mshonaji wa jirani, aliyemwambia, "Nitaolewa na wewe, lakini kichwa changu hukigusi." Walijaliwa wana wawili na binti mmoja.

Kanisani alifundisha darasa la Maandiko. Kwa miaka mingi alieleza kwamba Mungu akihukumu, mabaki wanaosalia ni wale waliostahili.

Machi 1988 kipindupindu kilimchukua mkewe, kisha wanawe wote wawili. Binti, wakati huo wa miaka kumi na mitatu, aliugua akapona. Waombolezaji walimshika mkono wakimwambia, "Mungu amekuchagua wewe." Usiku alimwuliza baba yake, "Kwani kaka zangu walikosa nini?" Binti akaacha kuingia kanisani, na nywele zake akakataa zisiguswe na mtu.

Juni mwaka huo marehemu alisimama mbele ya darasa, binti akimsubiri nje, chini ya dirisha. Alisoma habari za nabii aliyeamriwa kujinyoa kichwa na ndevu: theluthi ya nywele ikachomwa, theluthi ikapigwa kwa upanga, theluthi ikapeperushwa, na chache, mfano wa mabaki wanaosalia, zikafungwa katika upindo wa vazi lake.

"Nimewafundisha vibaya," alisema. "Nywele za upindoni hazikuwa bora kuliko zilizoungua."

"Fundi, usituletee mambo ya kibandani hapa," mzee mmoja wa kanisa alimtania.

"Sasa mzee, habari za nywele nikaulize wapi? Buchani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Zote zilitoka kichwa kimoja. Kwa nini zikabaki hizi, sijui. Ila wanangu hawakuwa takataka. Na binti yangu hakuwaibia kaka zake uhai."

Jioni ile binti alikwenda kibandani, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Baba, ninyoe." Mkasi ukabisha hodi hewani, na wote wawili wakalia mpaka kazi ikaisha.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Jana binti huyo alimnyoa ndevu kwa mara ya mwisho.

Ameacha dada mmoja, binti, mkwe na wajukuu wanne. Bwana ampe pumziko.

Amelazwa kushoto kwa mkewe, karibu na wanawe.