Robo Tatu ya Simsim

Everline hakuwa na oveni, hakuwa na mizani wala simu nzima, na tangu Pasaka hakuwa na mama. Barua aliyokuwa akimwandikia dadake wa Malaba, atakayeoka keki ya ukumbusho, ilikosa jambo moja tu: kipimo cha mafuta alichotumia marehemu mama yao.

Basi alilopanda lilipotoka Busia, bibi mmoja wa kiti cha mbele alimwambia jirani yake, wakala wa forodha, "Kwa keki, mafuta ya mgando yakikosa, tia ya simsim."

"Mama, hiyo itakuwa chapati imevaa suti!"

"Cheka tu, boss. Badala ya kikombe cha mgando, robo tatu ya simsim. Halafu unafunika sufuria, makaa juu."

"Nani alikufunza?"

"Mimi ndiye nafunza. Huyo nyuma anaandika."

Bibi hakuwa amegeuka hata mara moja, na sauti yake ilikuwa ile ya marehemu mama. Everline aliandika robo tatu. Wakala alikuwa bado anabisha basi liliposimama Alupe, kituo cha Everline. Everline aliilamba bahasha, akaonja simsim kwenye gundi, akaifunga na kumkabidhi dereva aifikishe Malaba, bila kuthubutu kukitazama kile kiti.