Mzee Toa na Bampa ya Mwisho

Miaka thelathini na mmoja ya utumishi inatimia Ijumaa hii, tarehe thelathini, siku ambayo fundi wetu wa bampa atavua ovaroli na kustaafu rasmi. Jina lake kamili lipo kwenye faili ofisini. Sisi wa karakana tunamwita Mzee Toa, na siku hizi hata mkewe akipiga simu humwulizia kwa jina hilo.

Alianza kwa kuosha vipuri, akahamia kuchomelea, kisha akapewa kona ya bampa kule mlango wa nyuma na hakuondoka tena. Jina alilichuma kwa jasho la wengine. Ukimaliza kufunga bampa, yeye hufumba macho na kupitisha kiganja kwenye mwanya kati ya chuma na bodi, toka taa hadi taa, kisha anasema, "Toa." Unafungua bolti zote, unaanza upya. Ikimridhisha husikii kitu. Anakwenda zake kunywa chai. Mimi wa rangi niliwahurumia wenzangu mpaka nilipoona kwamba hata alizofunga mwenyewe huzitoa. Kwenye harusi ya bintiye alimfunga bwana harusi tai mara tatu. Wakwe walidhani ni mapenzi.

Sifa yake kubwa ni magari ya kale ya milango miwili, yale ya boneti ndefu na injini inayonguruma mpaka vikombe vinacheza mezani. Bampa za magari hayo zilitoka kiwandani zimejitokeza kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mzee huchukua moja, akaikata, akaipunguza, akaiunga, akaziba matundu ya bolti na kufupisha vishikio, mpaka ikaukumbatia mwili wa gari. Ikirudi kutoka kutiwa kromu, mshono huuoni hata kwa tochi.

Mwaka huu meneja alitangaza kwamba Mzee akiondoka, kona inafungwa. Magari ya leo yana bampa za plastiki, alisema, na mrithi hayupo. Cheche, dada yetu wa kuchomelea, akadakia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee akataka kujua kama koleo lenyewe ndiye yeye. Tulicheka, lakini mapatano yakawa hayo: bampa inayofuata ataifanya Cheche, Mzee asiguse kitu, na ikiharibika kona haipo tena. Bampa yenyewe ilikuwa ya gari la kale mno. Ukiikata vibaya, hakuna duka lenye nyingine.

Nadhani hiyo ndiyo kazi iliyomtesa Mzee kuliko zote: kukaa kitini, mikono mfukoni. Cheche alipowasha mashine ya kukatia, Mzee aligeukia ukutani. Cheche akakata, akaunga, akasugua. Iliporudi ikimetameta akaifunga, akaweka pimamaji juu yake, na kiputo kikatulia katikati kabisa. Meneja akapiga makofi. Mzee hakupiga. Cheche akarudi nyuma hadi mlangoni, akalitazama gari kwa muda, halafu akasema mwenyewe, "Toa."

Gari lile liliwahi kugongwa zamani, na uso wake umelala kidogo upande wa kushoto. Bampa ilikuwa imenyooka kwa sakafu, si kwa gari, kwa hiyo machoni ilionekana imepinda. Mzee alikwishaliona hilo, akalimeza. Cheche akaweka pimamaji kando, akalegeza bolti na kuishusha kidogo kushoto, akifuata uso wa gari.

Ndipo Mzee akainuka. Akafumba macho, akapitisha kiganja toka taa hadi taa, akarudia tena. Tulikuwa tumeshashika spana, tukisubiri neno lake.

"Kaza," akasema.

Hatukuwa tumewahi kumsikia akilisema. Cheche alikaza bolti huku machozi yakimtoka, na wala hakujificha. Kona haifungwi, meneja ameshatundika mlangoni kibao kipya chenye jina la Cheche.

Mzee wetu, asante kwa kila bolti uliyotufungulisha. Nenda kapumzike na mama watoto, Mungu akujaalie afya, wajukuu watundu na chai isiyopoa. Ukipita njia hii, ingia kwa mlango wa nyuma. Kiti chako hatukitoi.