Miezi Tisini na Minane

Benchi letu liko mbele ya duka la kupiga chapa, Mjimwema. Kahawa nauza mimi. Ndani ya duka kuna kompyuta moja, na ndani ya kompyuta kuna programu ya kliniki za watoto. Programu haina mwenyewe: yeyote anainakili kwenye disketi, anaongeza kitu, anarudisha. Sharti ni moja. Disketi nyekundu, ile kuu, haiguswi mpaka ulichoongeza kisomwe hapa benchini, watu wawili waseme "ipite", na majina yao yaandikwe daftarini. Leo Daimu, tunayemwita Korosho, karudi kutoka Tunduru na nakala aliyokaa nayo miezi minne. Pankrasi mwenye duka, yaani Mhandisi, kaiunganisha na ile kuu kwenye disketi ya majaribio. Saa sita gari la misheni linamchukua Ida, muuguzi wa Lusewa, na Ida anaitaka hiyo programu.

— Mtoto wa miezi minane, kilo nane, — alisema Mhandisi. — Mashine inasema ana utapiamlo mkali. Inadai ana miezi tisini na minane.

— Tunduru ilikuwa sawa, — alisema Korosho. — Wallahi, nimeijaribu kwa watoto wote wa shangazi.

— Na yangu hapa iko sawa.

— Basi ni njia, — alisema Breki, dereva mstaafu ambaye hajawahi kuwasha kompyuta. — Siku mbili juu ya lori, disketi lazima izeeke.

— Izeeke miaka minane, mzee?

— Wewe barabara ile huijui.

Mhandisi akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka anajikuna shingo.

— Nimeona. Zamani tulikuwa tunaandika umri kwa miezi. Mimi mahali pale pale nikaweka tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Tisini na nane. Kipande cha Korosho kinausoma mwaka kikidhani ni miezi.

— Ulibadilisha lini?

— Wiki mbili baada ya wewe kuondoka.

— Rudisha basi!

— Nirudishe nini? Mama anakuja na kadi, tarehe imeandikwa. Wewe ndiye uliyekaa na kazi miezi minne kama unaatamia mayai. Ungeleta vipande vipande.

— Nilete nusu, mseme Wayao hatumalizi kazi?

— Tungesema tu, — alisema Breki. — Lakini sikilizeni. Kila wilaya ishike disketi yake. Mtoto akivuka Namtumbo, abadilishwe umri.

— Na aliyezaliwa njiani? — niliuliza.

— Huyo apimwe mara mbili, tugawanye.

Hata Korosho alicheka, kidogo.

Ida akafika na mkoba begani.

— Shikamoo baba. Hamjambo. Iko tayari?

Tukamweleza, wote kwa pamoja. Kurekebisha kutachukua siku mbili. Gari lilikuwa limeshapiga honi kule barabarani.

— Sehemu ya Daimu, inayoonyesha waliokonda, ndiyo niliyoingoja, — alisema. — Kesho napima watoto sitini. Sasa, Daimu alipokuwa Tunduru, nani alimwambia kwamba umri umebadilishwa?

Mhandisi akamtazama Breki. Breki akatazama kikombe. Basi la Tunduru huwa linalala hapo stendi, na kondakta wake hunywa kahawa kwangu; neno moja lingemfikia Korosho.

Nikafungua daftari. Badiliko la Mhandisi lilisomwa na kupitishwa kwa utaratibu. Majina mawili: la Breki, na langu. Siku ile nilikuwa nageuza maandazi, nikasema "ipite" bila kuinua kichwa.

— Nipeni nakala ya nyekundu kama ilivyo, — alisema Ida. — Waliokonda nitawatafuta kwa macho, kama mwezi uliopita.

Akaondoka. Korosho alibaki na disketi yake mkononi, kisha akaninyooshea kikombe. Niliinamisha birika, likatoa machicha tu.